Kifua cha Mtoto wa Baba Mdogo

Watu wakisikia habari hii hupenda kuniambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Huwa nawajibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu ambaye hakuwahi kufuga ng'ombe. Sisi wa Nyarero tulikuwa na elimu yetu nyingine. Ukimwonyesha bwana mifugo ng'ombe mmoja anayedondosha ute mdomoni, anafunga kijiji kizima: karantini. Hakuna mnada, hakuna kuvusha mnyama hata wa mahari, na kijana aliyekwisha kuchumbia anakaa anamngoja mke mpaka mvua nyingine. Kwa hiyo ng'ombe mgonjwa alipelekwa bondeni kwa shemeji, na siku ya ukaguzi mahali pake zizini alisimama ng'ombe wa jirani mwenye rangi ile ile. Bwana mifugo alihesabu, akaandika, akanywa maziwa, akaenda zake. Hatukuona kuwa ni uongo, tuliona kuwa ni akili, na tulimcheka mtu aliyeshindwa kufanya hivyo.

Nayasema haya mwanzoni ili asiwepo wa kumhukumu baba yangu kabla hajamjua. Wa kuhukumiwa nipo.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishwe kutoka kwenye miji yetu ya mbali mbali na kupangwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, kijiji cha ujamaa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukosa kuchaguliwa, nikapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni, moja ya buluu na moja nyekundu, na nyekundu haikuwa na wino. Baba alikuwa mwanafunzi wangu kwa wiki mbili. Alipofika kwenye herufi ya tatu alisema imetosha, kwamba kijana wake akijua kusoma yeye anajua pia.

Ndipo ikaja Landrova yenye masanduku, daktari mmoja na wauguzi wawili. Mwenyekiti aliitisha mkutano. Daktari alikuwa mtu wa Pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini mno, wazee wakasema anaongea kama mtu anayeomba radhi. Alieleza kwamba walikuwa wanafanya utafiti. Wangefunua kope za watoto kuangalia macho, wangechukua damu kidogo waiangalie kwa darubini, na zaidi ya yote wangesikiliza mioyo, kwa sababu katika vilima hivi watoto walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa moyo na hakuna aliyejua ni wangapi. Wakaniomba niwe mkalimani na karani wao. Nadhani zile kalamu mbili ndizo zilizowadanganya.

Mzee mmoja akauliza kwa Kikurya: "Na mkimpata mgonjwa, mnamfanya nini?"

Nikatafsiri. Daktari akajibu kwamba watamwandika kwenye daftari, watampa sindano kila mwezi, na watarudi kila mwaka kumwangalia. Nikatafsiri hayo pia, neno kwa neno, nikaona uso wa baba unajifunga. Kuandikwa, kuchomwa sindano, kurudiwa kila mwaka: bwana mifugo hakuwahi kusema kitu tofauti na hicho.

Nyumbani tulikuwa na mgonjwa. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, mtoto wa kucheka ovyo, anayemwigiza mwenyekiti mpaka mama anaangusha mwiko. Miaka miwili nyuma koo lilimuuma vibaya, mama akampeleka kwa mzee wa kukata vilimi, kama alivyotupeleka sisi wote. Kidonda kilipona. Baadaye magoti yakavimba, yakatulia, uvimbe ukahamia kwenye viwiko, nao ukatulia. Tangu hapo alikuwa hawezi mlima. Akitumwa maji alirudi na nusu debe, na njiani kila baada ya hatua chache alikuwa na mwiba wa kutoa mguuni. Anakaa chini, anauinua mguu, anautazama unyayo kwa makini. Sikuwahi kuuona hata mwiba mmoja. Mimi nilimtania kwamba miiba ya Nyarero yote inamjua yeye kwa jina.

Upimaji ulifanyika kwenye darasa la shule siku tatu mfululizo. Mimi nilikaa mlangoni na daftari, nikiita majina na kutoa namba. Siku ya pili asubuhi alipita mtoto wa baba mdogo, binti wa rika moja na mdogo wangu, mwenye afya ya ndama. Akasikilizwa, nikaandika "safi". Mchana nikafika kwenye jina la mdogo wangu. Nikaliita. Aliyeingia, akiwa amenyolewa nywele na amevaa gauni la mdogo wangu lenye kiraka cha kijani begani, alikuwa mtoto yule yule wa baba mdogo. Nyuma yake, uani, baba alikuwa amesimama na fimbo yake, akitazama milima.

Hakuwa ameniambia. Hakuona haja ya kuniambia, kwa kuwa mtoto wa nyumba ile angeelewa tu. Na kweli nilielewa. Daktari aliinamisha kichwa, akafumba macho kama alivyozoea, akaweka kile chuma cha kusikilizia kifuani na mgongoni, akasema, "Safi kabisa." Nikaandika. Kusema kweli nilijiona mjanja, nikampa yule binti jicho la pongezi wakati anatoka.

Siku ya tatu kazi ilikuwa imepungua, na daktari akataka kunionyesha kazi yake. Alinivalisha mipira ya kile chuma masikioni, akaweka chuma kwenye kifua cha kijana mmoja mzima, nikasikia mapigo mawili mawili, safi, yanafuatana. Kisha akaniwekea kwenye kifua cha mtoto mwingine aliyekuwa ameandikwa mgonjwa. Kati ya pigo na pigo kulikuwa na mvumo, kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Nikaivua ile mipira upesi. Mvumo ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia mgongoni kwangu, siku nilipombeba mdogo wangu kuvuka mto, kifua chake kikiwa kimebanwa kwenye mbavu zangu, nikadhani ni pumzi.

"Huanza na koo," daktari akanieleza. "Koo likiachwa bila dawa, mtoto anavimba viungo, vinapona vyenyewe, wazazi wanasahau. Kumbe ugonjwa umeingia moyoni, unakula milango yake. Mlango haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka. Sindano za kila mwezi zinazuia koo lisiugue tena, na moyo usipate kidonda juu ya kidonda. Tukiwahi, mtoto anaweza kukaa na moyo wake ulivyo hata akazeeka."

"Msipowahi?"

"Ndiyo maana tunatembea vijijini," akasema.

Jioni nilimwambia baba. Alikuwa anafunga zizi. Nilimweleza koo, viungo, mlima, mvumo, vyote. Alisikiliza huku anapachika miti mmoja baada ya mwingine.

"Mura," akasema, akiniita kijana kwa Kikurya, "unataka kututia karantini? Umeona wale walioandikwa? Hakuna anayewaruhusu watoto wake kucheza nao. Nani atamwoa huyu?"

"Atapata dawa, tata."

"Daftari la serikali linasema ni mzima. Wewe mwenyewe umeandika."

Kesho yake daktari alikuwa bado yupo, anafunga masanduku. Nilikuwa na asubuhi nzima. Ningesogea tu na kusema, mzee, namba fulani si yeye. Sikusogea. Ningekuwa karani aliyeharibu daftari, na karani aliyeharibu daftari hachukuliwi kwenye Landrova. Kwa hiyo nilibeba masanduku, nikafunga kamba, nikasaidia kusukuma gari kwenye tope. Nimejaribu kwa miaka mingi kuipata sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo, sijaipata.

Walinichukua niende nao upande wa Serengeti, vijiji vya Mugumu na kando ya mto Manchira, kutafsiri na kuandika. Kazi niliiweza. Nilikula ugali sufuria moja na daktari, nikajifunza kutambua kope zenye chembe chembe, nikaangalia kwa darubini damu ya watu nisiowajua, na kila mtoto aliyekutwa na mvumo nilimwandika kwa mwandiko mzuri na jina la zahanati yake. Nyumbani mdogo wangu aliacha shule. Barua ya mwalimu mkuu ilisema anachoka darasani. Nilipokwenda likizo nikamkuta miguu imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, na usiku analala ameegemea ukuta kwa kuwa akilala chali anakohoa. Bado alinicheka. Alisema natembea kama mzungu aliyekanyaga moto.

Mwaka ulipozunguka, timu ikarudi Nyarero. Tulikuwa tumeshapita Tarime mjini, tunapanda, nikashindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia daktari ndani ya gari, mbele ya dereva, yote.

Daktari akauliza, "Niliyemsikiliza alikuwa nani?"

"Mtoto wa baba mdogo."

"Na wewe ulikuwa mlangoni."

"Ndiyo."

Hakunifokea. Nilitamani anifokee, anishushe njiani, nirudi kwa miguu. Alisema tu, "Twende kwenu kwanza."

Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Daktari alipiga magoti mavumbini. Alisikiliza mbele, nyuma, kwapani, akamgeuza upande, akasikiliza tena. Akawaita na wauguzi wasikilize. Mtoto alifurahi, alikuwa hajawahi kusikilizwa na watu wengi hivyo, akaniuliza kwa Kikurya moyo wake unasema nini kizuri. Nikamwambia unasalimia wageni.

Daktari akanivuta nyuma ya kihenge cha mahindi. Maneno yake nayakumbuka kwa mpangilio wake.

"Mlango umekwisha. Sindano tutaanza leo, lakini sindano inazuia yajayo, hairudishi yaliyokwisha. Nitakupa na vidonge vya kutoa maji mwilini. Wako wanaopasuliwa wakawekewa mlango mwingine, lakini ni nje ya nchi, na sijui mtoto hata mmoja wa huku aliyefika. Nitaandika barua. Usimwahidi mtu kitu kwa ajili ya barua yangu. Pengine ana mwaka, pengine hana. Asichoshwe. Asipande milima kabisa. Kila mlima unamla. Mwambie mzee yote, kama nilivyosema."

Kisha akaenda shuleni, walikokuwa wanamngoja watoto wengine.

Baba alikuja. Alikuwa amevua kofia, na baba hakuivua hata mbele ya mkuu wa wilaya. Nilimwona amekuwa mdogo. Gauni lile lenye kiraka alikuwa amelitoa yeye kwa mikono yake, akamvalisha mtoto wa mdogo wake. Mtu kama huyo nimwambie nini? Nilifungua kinywa nikiwa na nia ya kusema yote, Mungu ananijua.

"Amesema atachomwa sindano kila mwezi, pale zahanati," nikasema. "Anywe na vidonge hivi. Asilime, asibebe maji."

"Atapona?"

"Sasa wamemwandika, tata."

Akavuta pumzi, akaiweka kofia kichwani. "Kumbe ni hilo tu," akasema.

Kalamu niliyokuwa nayo siku zote ilikuwa ya kuandika ya watu wengine. Hayo ya kwetu yalinishinda hata kuyatamka. Nilijiambia nitayasema kidogo kidogo, wiki hii haya, mwezi ujao yale, na kesho yake nikapanda gari.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mlima. Baba hakumwachia mtu kazi ile. Yeye ambaye aliogopa sindano kama karantini, sasa alikuwa anahesabu siku, na siku ikifika anamwamsha mtoto kukiwa kunapambazuka, wanaondoka. Mtoto mbele, yeye nyuma na fimbo. Alimtanguliza kusudi, mistari yote ya kijiji imwone kwamba anatembea kwa miguu yake. Waliokutana naye walimwambia, "Huyu amepona," naye akajibu, "Dawa ya serikali." Wakifika kwenye mwinuko alikuwa anamhimiza: "Panda, mama, panda. Damu ichemke, dawa ipite." Hayo nilisimuliwa baadaye na mama.

Lakini kwamba wanakwenda kwa miguu nilijua. Siwezi kujificha hapo. Nilijiambia labda watapata baiskeli, labda gari la kahawa linapita siku hiyo. Nilirudi nyumbani mara moja katikati ya miezi ile, mdogo wangu akanieleza kwa majivuno kwamba safari iliyopita alipumzika mara nne tu hadi juu.

"Vizuri," nikamwambia.

Ndivyo nilivyosema. Usoni alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, na mshipa wa shingo ulikuwa unaruka unaonekana hata ukiwa umekaa mbali. Baba alikuwa karibu anasikiliza, ametabasamu. Kumwambia wakati ule ilikuwa ni kumwambia mambo mawili, la daktari na la uongo wangu, na la pili lilikuwa linakua kila mwezi.

Kule Manchira nilimuuliza daktari kuhusu barua. Alikuwa ameandika Dar es Salaam, akaandika na ng'ambo. Mmoja alijibu kwamba anasikitika. Wengine hawakujibu. Alikuwa anasafisha vioo vya darubini kwa kitambaa, akasema bila kunitazama, "Mimi nimesomea kusikiliza. Nasikia vizuri sana." Nilimwonea huruma, nikajionea huruma pia, na huruma zote mbili hazikumfaa mtu.

Aliniuliza, "Hawampandishi milima?"

Nikasema hapana.

Mwishoni mwa masika nilipata habari kupitia dereva wa lori la magunia. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kuzika. Mama alinieleza. Walikuwa wametoka kuchomwa sindano, wanarudi, wamepanda hadi kilele cha njia. Mtoto akasema anakaa kidogo. Baba akamwacha akae, akasimama kando akiwatazama ng'ombe wa watu upande wa pili. Alipogeuka kumwambia waendelee, mtoto alikuwa ameegemea jiwe, na hakuitika. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, njia imejaa watu wanaotoka sokoni.

Mtoto wa baba mdogo alikuwa pale kwetu, amekaa na wanawake. Hakuweza kunitazama, na mimi sikuweza kumtazama, ingawa yeye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kutii wakubwa.

Wageni wa msiba walipoanza kupungua baba aliniita. Alikuwa amekaa nje ya zizi, kofia iko chini karibu na mguu. Nikamkaribia, nikamwamkia kwa heshima, akaitikia.

"Yule daktari," akasema, "siku ile nyuma ya kihenge. Mlikaa muda mrefu. Ukaja ukaniambia maneno machache. Alisema nini?"

"Tata..."

"Yote, mura."

Nikamwambia. Kwa Kikurya, kwa mpangilio wake, bila kuruka. Mlango umekwisha. Sindano hairudishi. Barua. Pengine mwaka, pengine hana. Asichoshwe. Nilipofika kwenye milima niliianza sentensi ile mara mbili, ndipo nikaimaliza.

Ng'ombe walikuwa wanarudi, baba alikuwa hawatazami. Nilingoja anipige, na fimbo ilikuwa pale. Nilikuwa tayari, ningeshukuru.

"Alisema asipande milima," akasema.

"Ndiyo, tata."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja.

"Nilimbeba kutoka kule juu mpaka hapa," akasema. "Hakuwa mzito. Ungeniambia, mura, ningembeba kila mwezi."